Paa la Odong

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikakuta kijana mmoja ameshaketi kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Aliitwa Odong. Tulikuwa tumeajiriwa pamoja, wasanifu majengo wachanga, katika ofisi ya michoro katikati ya Kampala. Baba yake alikuwa askari polisi kutoka kaskazini, naye alikulia kambini, kulikosemwa Kiswahili. Mimi ni wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili, wenzetu wakisemezana Kiganda na Kiingereza. Mtu angedhani tungekuwa kama ndugu.

Msanifu Mkuu, mzee mkali aliyevaa tai hata kwenye vumbi la ujenzi, alitupa jaribio: tuchore ngazi ya zege. Kompyuta hazikuwepo. Tulichora kwa kalamu ya wino, na ukikosea unakwangua kosa kwa wembe. Mimi sikukwangua hata mara moja. Msanifu Mkuu akaitazama ngazi yangu akasema, "Sahihi." Kisha akaichukua ya Odong. Akavua miwani, akawaita wasanifu wengine waje waione.

Hapo ndipo kitu kiliponiingia kifuani, na hakijatoka mpaka leo nimestaafu.

Niwaeleze ninyi vijana kazi ilivyokuwa. Siku hizi jengo likiisha huvikwa plasta, vigae na vioo. Sisi zege tuliliacha uso wazi, alama za mbao zikionekana. Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Humwagwa ndani ya mbao zilizopigiliwa kama sanduku, likazishika nondo zilizopangwa humo. Lisipotikiswa vizuri hubaki na matundu kama sega la nyuki, na utayaona siku mbao zinapotolewa, ukiwa umeshachelewa.

Mimi nilipewa ghorofa ya maduka pale Kikuubo. Niliichora vyema. Mizigo ilipanda bila kugongana na wanunuzi, mvua haikuingia. Hakuna aliyewahi kuilalamikia, na hakuna aliyewahi kuisifu. Odong alipewa zahanati ndogo kwenye njia ya Ggaba. Akaichorea paa la zege lililokunjwa-kunjwa kama karatasi, lisilo na nguzo katikati, na chini yake baraza refu linalopitisha upepo wa ziwa. Nani alipelekwa kusimamia ujenzi? Mimi. Yeye aote, mimi nihesabu nondo.

Nilizihesabu kwa uaminifu. Fundi aliyezipanga ovyo nilimrudisha azifungue zote. Lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilitamani paa lile lipasuke. Siku ya kutoa mbao, wachuuzi wa samaki walisimama barabarani na mabeseni yao vichwani. Mbao zikashuka moja moja. Paa likabaki hewani, safi, bila tundu. Wanawake wakapiga vigelegele. Fomani wetu, aliyekuwa jeshini zamani, akanitazama.

"Sista, kazi imekuwa mzuri. Mbona wewe hapana furahi?"

"Vumbi limeniingia machoni," nikamjibu.

Wiki ile nilimwendea Msanifu Mkuu nikamuuliza waziwazi Odong ana nini nisichonacho. Aliweka kalamu chini.

"Rukia, majengo yako husimama. Ya Odong huwasimamisha watu."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

Miaka ikapita, kiti cha Msanifu Mkuu kikawa changu. Odong hakupenda vikao. Alibaki kwenye meza yake ya dirishani, akifanya kazi chini yangu. Nilikuwa na dereva na katibu. Bado kila nilipopita nilitupia jicho karatasi yake, kama mke anayechungulia simu ya mumewe.

Tulipostaafu, ghorofa yangu ilikuwa imeshafunikwa na mabango ya biashara, hata mimi naweza kuipita nisiijue. Kwenye zahanati ya Odong wanafunzi huja na kamera.

Kisha juzijuzi mwenyekiti wa kamati ya zahanati akanipigia simu. Walitaka kulivika jengo bati la alumini na vioo vya buluu, lifanane na majengo ya kisasa. Alitaka niseme kama paa litaubeba uzito huo. Neno langu, alisema, ndilo watakalolifuata. Siwafichi: nilifurahi.

Nilipita kwanza kwa Odong, nyumbani kwake Kasubi. Miguu yake imevimba siku hizi, hatoki. Nilimkuta mlangoni akimenya maharage. Nikamweleza.

"Wafunike," akasema.

"Odong! Paa lako?"

"Dada Rukia, sikulichora litazamwe. Nilitaka wagonjwa wapate kivuli. Na kivuli si kitabaki?" Akanisogezea sahani ya karanga. "Kula, basi."

Nilitoka pale karanga sijazigusa. Maisha yangu yote nimelionea wivu paa lile, na mwenyewe analitoa kama mtu anayempisha mgeni kiti. Hata katika kuachilia alinishinda.

Kesho yake nikaenda zahanati na nyundo yangu ndogo. Zege unaligonga na kusikiliza: likitoa sauti kavu ni zima, likilia kama debe tupu limeachana kwa ndani. Niligonga kila mkunjo niliofikia. Zima lote. Mwenyekiti alinisubiri barazani.

"Vipi, Hajati? Litabeba?"

"Litabeba. Lakini msiliguse."

"Kwa nini tena?"

"Mkiweka vioo upepo wa ziwa utakatika, wagonjwa wenu wataiva humu kama ndizi kwenye sufuria. Na paa hili halina mwenzake Kampala nzima."

Akanikazia macho. "Kwani ulilichora wewe?"

"Hapana, ssebo. Ningelichora mimi, ningewaruhusu."

Mafundi wa vioo hawakuja. Dawa zangu za presha nazichukua huko, ingawa ipo zahanati nyingine karibu zaidi na kwangu. Nakaa barazani nikingoja kuitwa, nainua macho, na roho inaniuma vilevile.