Vipepeo Weupe wa Mpunga

Nilikuwa mtoto wa kutumwa maji mwaka ule lava ya volkano ilipoimeza nyumba yetu ya mtaa wa Murara. Papa, baba yetu, hakuwepo. Miezi michache kabla, waasi walimkamata kwenye barabara ya Sake wakambebesha mizigo yao, na tangu hapo hatukupata habari yake. Mama akatupeleka kwa nyanya, mama yake papa, aliyelima mpunga bondeni upande wa Rutshuru.

Msimu ule ninaukumbuka kama usingizi. Mvua ndogondogo, joto, ukungu, na upepo hakuna kabisa. Kila jioni vipepeo weupe wadogo walipanda kutoka kwenye mpunga, wengi hata bonde likaonekana linapumua. Niliwapenda mno. Nyanya alitukataza kuwagusa. Alisema ni wafu wa ukoo wanaorudi kuonja mavuno, na wakishakula, suke hubaki jeupe na tupu.

Mama hakutaka kusikia hayo. Aliwasha taa shambani, akaweka beseni la maji chini yake, na vipepeo wakawa wanaufuata mwanga na kuangukia majini. Nyanya akamshika mkono.

"Muachie basi kipande moja," alimwambia. "Kama mutoto wangu alikufa, atakula wapi?"

"Bwana yangu hajakufa, mama."

Hata hivyo kipande cha kando ya kijito alikiacha bila taa. Nadhani alimhurumia nyanya tu.

Siku ya kuvuna, mpunga uliowashiwa taa ulikuwa na punje za kutosha. Kile kipande kilisimama cheupe, masuke yake mepesi yakitazama juu. Mama akakata suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu.

"Alishakula," akasema. Akaketi pale pale matopeni, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza. Nyanya akaketi naye. Matanga yetu yalikuwa hayo, kwa maana kaburi hatukuwa nalo.

Leo najua kwamba joto lenye unyevu, pasipo upepo, huwafaa sana vipepeo wale kutaga mayai, na viwavi wao hula bua kwa ndani mpaka suke likose chakula. Agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, alinieleza vizuri, nikamshukuru. Mama amezeeka sasa, na bado anaamini papa alirudi mara moja, akala, akashiba. Habari ya kiwavi sijamwambia, wala sitamwambia.