Aliyechaguliwa na Mwalimu Dorka

Siku yangu ya kwanza kazini niliwasili katika kituo cha afya karibu na Katito nikiwa na sare iliyopigwa pasi vizuri, na kabla ya chai ya saa nne ilikuwa imelowa damu ya mama aliyejifungulia njiani. Msimamizi wa kituo, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, alinipa fundisho moja tu. "Mgonjwa akiweza kusema, msikilize yeye. Asipoweza, msikilize aliyemleta." Wakati huo sikuona kama kulikuwa na swali lingine la kuuliza.

Baadaye nilihamishiwa Kisumu, wodi ya wanawake, kisha Muuguzi Mkuu akanipeleka chumba cha wagonjwa mahututi, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Ninyi mnaoanza sasa mmefundishwa mashine ya kupumulia darasani. Sisi tuliijulia kitandani. Mpira hupitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, na ukishaingia, mgonjwa hana sauti tena. Makohozi yakijaa, tunayanyonya kwa kijimpira chembamba, na mwenye fahamu kidogo hujikunja mwili mzima. Tunamgeuza ubavu huu na ule asipate vidonda vya kulala. Mashine hiyo imerudisha watu wengi nyumbani kwao, nami nimewasindikiza hadi mlangoni. Lakini kuna wengine ambao inawashikilia tu, na kutambua nani ni nani ndiyo kazi iliyonichosha kuliko zote.

Mwalimu Dorka nilimjua kupitia mumewe. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Luanda Kotieno, na mzee wake alilala kwetu kwa muda mrefu kabla ya kufa. Walikuja kumwona wake wawili pamoja: Dorka, na mke mdogo, Roselida, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, ufuoni. Kwa Kijaluo mke mwenza huitwa nyieka, na ndani ya neno hilo mna wivu. Wao waliitana hivyo kwa utani. Mmoja alipochoka kukaa, mwingine alishika zamu, na waliona kila tulichomfanyia mzee wao.

Mzee alipozikwa, Dorka aliendelea kuja kliniki ya presha. Siku moja aliniuliza ni nani huamua mgonjwa akiwa hajitambui. Nilimweleza kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kumteua wa kumsemea, na kwamba wengine huandikisha kwa wakili. Aliandikisha. Alimteua Roselida. Agizo lake lilikuwa hili: kama ubongo wake hauna tumaini la kurudi, asiwekwe mashine, apelekwe nyumbani afie kwake.

Nilimuuliza kwa nini si Ouma, mtoto wake wa kwanza, mhandisi wa Nairobi.

"Ouma ananipenda sana, Sista," akasema. "Hataweza kuniachilia. Roselida atalia, lakini ataniachilia."

Alikuwa amejaribu kumweleza Ouma pia. Kijana alimwambia aache kuongea mambo ya kifo, akamuuliza habari za mahindi.

Kiharusi kilimpata akiwa jikoni. Roselida alimleta Kisumu, akampa daktari wa zamu ile hati, akasimama kando mikono nyuma kama mtu aliyeitwa ofisini. Picha ya kichwa ilionyesha damu nyingi ndani ya ubongo. Daktari bingwa alituambia wazi kwamba hatarudi. Roselida alikuwa tayari ameanza kutafuta gari la kumpeleka nyumbani Ouma alipofika kutoka uwanja wa ndege.

Hakupiga kelele. Aliisoma hati, akairudisha. Alisema mke mwenza hawezi kuwekwa juu ya watoto wa kuzaliwa, na kwamba mama yake asipowekwa mashine siku hiyo hiyo, atakwenda kortini. Daktari bingwa alinivuta pembeni.

"Sista, najua mama huyu alitaka nini," akasema. "Lakini hii karatasi ikikataliwa, anayesimama mbele ya jaji ni mimi."

Mpira ukaingizwa. Mkono wa kulia wa Dorka, ambao kiharusi hakikuugusa, ulikuwa ukiinuka wenyewe kuufuata ule mpira. Ikabidi tuufunge kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda. Ndivyo taratibu zilivyotaka.

Ouma aliagiza Roselida asiruhusiwe kuingia. Alikuja hata hivyo, saa ya kuwaona wagonjwa, na leso safi mkononi, akakaa kwenye benchi la nje. Nilimwendea Muuguzi Mkuu kumwombea. Akanijibu kwamba familia imeshasema. Nikazipokea zile leso, nikamfunika nazo mgonjwa, na nilipotoka nikamwambia Roselida kwamba zimefika.

Wiki zilipita. Dorka alivimba, ngozi ikafunguka mgongoni, figo zikakoma. Ouma alizidi kukonda. Mwisho akaniuliza kama mama yake anasikia maumivu. Nilimwambia sijui. Akasema niwaite wote wawili, daktari na mama mdogo.

Roselida alipoingia, Ouma hakumtazama.

"Mama, jina lako ndilo liko kwenye karatasi," akamwambia. "Sema wewe."

Roselida aliuliza kama bado angeweza kumfikisha nyumbani. Daktari akasema hapana, hatafika hata Bondo. Roselida akaenda kitandani, akaufungua ule mkono, akaushika.

"Mwachilieni," akasema.

Dorka alikufa alasiri hiyo, katika chumba alichokuwa ameomba asifie. Ouma alikuwa koridoni.

Nilienda kwenye mazishi Luanda Kotieno. Hapo ndipo niliposikia kwamba mke mdogo ndiye aliyeagiza mashine izimwe, kwamba alikuwa na hati aliyoitengeneza mapema. Wanawake walimpisha njia bila kumsalimu. Nilimwangalia Ouma wakati wote wa hotuba yake. Alishukuru madaktari, akashukuru waombolezaji. Hakusema ni nani aliyemwita Roselida. Baada ya matanga, Roselida alivuka ziwa kwenda kwa kaka zake upande wa Mbita.

Sasa nimestaafu, naishi Maseno, na presha ninayo mimi mwenyewe. Nimemwomba binti yangu asimame kwa niaba yangu siku nitakaposhindwa kusema. Alilia mpaka nikamwambia tuache. Ndugu yangu alisema tumwachie Mungu. Nimewafundisha wauguzi wengi kuwahimiza wagonjwa wachague mtu mapema, na mimi sina mtu.

Mwaka huu nilipanda feri nikamtafuta Roselida. Nilimkuta akianika omena. Amezeeka haraka. Nilimwomba awe msemaji wangu siku hiyo, nikamweleza kwamba katika watu wote niliowaona wakiombwa jambo hili, ni yeye peke yake aliyelitimiza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kutandaza samaki.

"Sista, nilimpenda yule," akasema. "Wewe sikupendi hivyo."

Alinipa uji, nikanywa, nikarudi kungoja feri.