Hotpoti la Mama Eliza

Jamani, aibu hii niliitafuta mwenyewe, sikusingiziwa na mtu, na hadi leo nikikatiza soko la Mwanga napitia upande wa nguo ili nisionane na Mama Eliza (ananiona, ananiacha tu).

Mnajua mke wangu, Mama Zawadi, alifariki kwa saratani ya koo la chakula. Alianza kushindwa ugali, kisha uji ukashindikana, kisha maji. Mimi nikashindwa kula mbele yake. Kila mchana nikawa naaga kwamba narudi kwenye cherehani yangu, kumbe naanzia kwa Mama Eliza, mama ntilie wa pale sokoni, nakula migebuka, samaki wetu wa ziwani, ya mawese na ugali wa muhogo, nasukutua, najifuta mdomo, na jioni mke wangu akiniuliza kama nimekula nasema sina njaa. Nilijiona mjanja.

Tulipomaliza matanga mama mkwe akamchukua Zawadi wetu, ana miaka sita, akaenda naye kwake Ilagala, akisema mwanamume asiyeweza kujipikia hata uji hawezi kulea mtoto. Sikubisha. Nikabaki Gungu na nyumba kimya na jiko ambalo sikuligusa.

Ndipo nikajiunga na kikundi. Ni watu tisa tuliofiwa na wake au waume kwa saratani, hatuna daktari wala mshauri, tuna mwenyekiti wetu Mzee Hamisi wa Ujiji na kanuni moja tu: kila mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, naye anapika kwa mkono wake chakula alichokipenda marehemu, tunakula, tunamzungumzia. Zamu yangu ilipofika Mzee Hamisi akafanya la ziada, akampigia simu mama mkwe aje ashuhudie kwamba sasa nimesimama, ili anirudishie mtoto.

Jumamosi hiyo niliwasha mkaa nipike migebuka, ndiyo aliyoipenda, nikafungua dumu la mawese, na ile harufu iliponipiga nikamwona Mama Zawadi kwenye kigoda chake, mikono ikagoma. Nikaumwagia mkaa maji, nikapanda bodaboda hadi Mwanga, nikarudi nimekumbatia hotpoti la Mama Eliza, najisemea nani atajua.

Wageni wakala. Mama mkwe alikuwa chumbani na sahani yake, nyuma ya pazia, kwa sababu kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Mzee Hamisi akalamba vidole, akaniuliza, "Umepika mwenyewe, Baba Zawadi?"

Ningeitikia kwa kichwa tu yangeisha. Lakini mimi nikasema ndiyo, nikaongeza (nani alinituma?) kwamba marehemu ndiye aliyenifundisha siku zake za mwisho, sauti imeshakwisha, amekaa mkekani ananielekeza kwa kidole, nyanya chungu sasa, chumvi basi. Dada mmoja akaanza kulia. Mzee Hamisi akavua kofia akajifutia macho. Nilipoona inakolea nikazidisha, nikasema hata nilipokuwa nakula yeye alikuwa ananitazama na kutabasamu, kama vile tunakula wote. Nyuma ya pazia mama mkwe akaangua kilio, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi, nikajua Zawadi anarudi nyumbani.

Basi ikasikika hodi. Mama Eliza huyo, na aproni yake.

"Samahanini wazee wangu, nimefuata hotpoti langu, wateja wa mchana wamejaa na samaki sina pa kuweka."

Watu wakalitazama hotpoti, wakanitazama mimi, na mimi nikautazama mkeka. Maskini Mama Eliza akadhani kimya kile ni cha majonzi, akakaa, akataka naye atoe lake la faraja.

"Mama Zawadi alikuwa mtu," akasema. "Alinijia na bajaji, ameshikwa huku na huku, kumeza mate hawezi. Sauti hana, akaniandikia kwenye karatasi: mume wangu anakula kwako, hapendi chumvi nyingi, nyanya chungu ziweke mwishoni, na usimwambie kwamba najua, ataona haya, ataacha kula." Akanigeukia. "Baba Zawadi, nisamehe. Nilidhani aliwahi kukwambia."

Siku zote zile nilikuwa nakula pishi la mke wangu, na sikulitambua. Nililia nimeshika mfuniko, kamasi zinanitoka mbele ya watu, hakuna aliyenibembeleza.

"Mkwe wangu." Ilikuwa sauti ya mama mkwe, bado yuko nyuma ya pazia. "Mwanangu hakukudai umpikie. Mimi ninakudai. Pika kwa mkono wako, hata ukiunguza, uniletee nionje. Habari za mtoto tutaongea siku hiyo." Kisha akatokea mlango wa uani, akaenda zake.

Kikundini sikufukuzwa. Mzee Hamisi alisema wakianza kufukuza waliodanganya kuhusu wagonjwa wao, hatabaki wa kufunga mlango.

Tangu hapo kila Jumamosi napika. Ya kwanza niliunguza, ya pili ilikuwa chumvi tupu. Napeleka Ilagala, Zawadi ananipokea sufuria, anaingia nayo ndani kwa bibi yake, mimi nasubiri barazani. Na nimeapa, sitamsemea tena marehemu asichosema, maana alichosema kweli kimenitosha maisha.

Mara tatu sufuria imerudi na samaki wake. Jumamosi iliyopita ilirudi na miiba mitupu.