Nilipofuata Nguzo za Simu Hadi Sigowet

Kilichonitoa Nairobi ni modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Ilikuwa miaka ya tisini, intaneti bado ni kitu cha kuelezea watu kwa mikono, na kampuni ndogo niliyoifanyia kazi ilitaka kuweka mitambo yake katika mji mmoja wa nchi ya chai. Wateja wa huko walikuwa wakipiga simu mpaka Nairobi ndipo waingie mtandaoni, na simu ya mbali ililipiwa kila dakika. Mitambo ikiwa karibu, wangepiga simu ya karibu. Mkubwa wangu alisema, "Akinyi, nenda Kericho uone laini zinafika wapi."

Niliondoka alfajiri na gari la kampuni. Saa nane mchana nilikuwa Kericho, mvua ikianza kunyesha. Haikunichukua muda kuona kwamba mji unafaa: ofisi za mashamba makubwa, benki, hoteli na jengo la swichi ya simu ambako laini zote hukutana, vyote mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Asubuhi iliyofuata nilikutana na Bwana Rono, fundi wa laini aliyekuwa amestaafu, tuliyemwajiri anizungushe.

"Usiangalie barabara, madam," aliniambia akipanda gari. "Angalia nguzo."

Kwenye mashamba makubwa nguzo zilikuwa nene, zimenyooka, zimebeba waya nyingi. Ziliendelea vizuri hivyo mpaka kituo kidogo cha Sosiot. Pale sokoni zikakata kona ghafla, zikapanda mlima kuelekea kiwanda cha chai. Upande wa Sigowet, kijiji kilicho mbele zaidi, zilibaki nguzo chache zilizoinama, na jozi moja tu ya waya.

"Mbona zimekata kona?" niliuliza.

"Kiwanda ndio kililipia. Sosiot ilipata kwa sababu iko njiani. Sigowet haiko njia ya mtu."

Saa sita tulifika Sigowet, kwa Rose Chelangat. Alikuwa karani wa shamba kubwa mpaka kazi ilipopunguzwa. Malipo yake ya mwisho yote aliyaweka kwenye kompyuta moja na chumba cha kupiga chapa. Alikuwa ameandikia kampuni yetu barua mbili akiomba mtandao. Alitukaribisha chai ya maziwa, kisha akafuta vumbi kwenye simu kana kwamba tumekuja kuipiga picha.

Niliunganisha modemu yangu, nikapiga Nairobi. Ililia mlio wake wa filimbi, tukasubiri. Mara sauti ya mwanamume ikaingia: "Halo? Nani anapiga filimbi kwa simu?"

Alikuwa mwenye duka la jirani. Laini ile walishirikiana watu wanne. Tulicheka sana, Rose zaidi ya wote, halafu akaacha kucheka.

"Niambie ukweli, Madam Akinyi. Mkiweka mashine zenu Kericho, hii yangu itashika?"

"Haitashika."

"Na nikiomba laini ya peke yangu?"

"Utalipia kila nguzo kutoka Sosiot, mama," Rono alisema kwa upole.

"Na kampuni yenu?"

"Hatuwezi kuvuta laini kwa mteja mmoja," nilijibu, na nikasikia aibu, maana niliongea kama mkubwa wangu.

Rose alitazama nje, kwenye zile nguzo zilizoinama. Kisha akamgeukia Rono. "Pale Sosiot kwa kona, kuna waya haina mtu?"

Rono alifikiri. "Iko. Walivuta nyingi kuliko wanazotumia."

Rose alisimama, akaanza kufunika kompyuta kwa kitambaa.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Kama haiwezi kuja kwangu, naenda kwake. Mna nafasi kwa gari?"

Jioni ile alikodi chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo pale Sosiot. Mwenye duka alituazima simu yake tujaribu. Modemu ililia, ikanyamaza, ikashika. Rose aliweka kiganja juu ya kompyuta.

Siku ya tatu nilirudi Nairobi na jibu lililotarajiwa: Kericho. Ukweli ni kwamba si mimi niliyeichagua. Chai ilikuwa imeichagua zamani, siku kiwanda na mashamba vilipolipia nguzo. Nilikuwa nimedhani mtandao husambaa kwenda waliko watu. Nilichojifunza ni kwamba hupita palipokwisha kulipiwa, na watu huhama kuufuata.

Wiki chache baada ya mitambo kuwashwa, nilipata ujumbe wa barua pepe kutoka Sosiot:

"Madam Akinyi, niko hapa kwa kona. Siku ya soko watu wa Sigowet wanakuja na barua zao nizitume, wengine kwa miguu. Muulize mkubwa wako, tukifika wangapi ndio mtaleta nguzo?"

Niliuchapisha, nikampelekea mkubwa wangu. Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza Sigowet iko wapi.