Usingizi Chini ya Paa la Mkwe

Nilipobadilishiwa nyonga, daktari alinieleza kila kitu isipokuwa usingizi. Nisikunje mguu kupita kiasi, nisiketi kwenye kiti kifupi, nisipishanishe miguu hata kwa kusahau, na nilale chali, mto katikati ya mapaja. Mimi sijawahi kulala chali. Tangu utoto nalala ubavu, tena ubavu ule ule walioupasua. Nikamwuliza usingizi utatoka wapi. Akacheka, akasema mwili utazoea. Nina hakika jioni ile yeye alijilalia ubavu alioutaka.

Kwangu ni Navakholo, katika boma la marehemu mume wangu. Kitanda changu ni kifupi, godoro limebonyea katikati, na choo kiko ng'ambo ya ua. Fundi aliitwa akiinue kitanda kwa matofali ili niweze kushuka bila kuinama. Akainua upande wa kichwa tu, akalipwa, akaenda zake. Nikawa nateleza kuelekea miguuni polepole, mto umechomoka, na siwezi kuinama kuuokota. Kufikia asubuhi macho yalikuwa mekundu na moyo umejaa hasira. Hasira ndiyo iliyokuwa ikinipa nguvu ya kunywa uji.

Binti yangu, kifungua mimba, anaishi mjini Kakamega katika nyumba aliyoijenga mumewe. Choo cha kukalia kimo ndani, na chumba cha wageni kina kitanda kirefu chenye godoro gumu, kana kwamba daktari mwenyewe ndiye aliyelinunua. Mtu yeyote mwenye akili angesema mgonjwa apelekwe huko. Lakini mtu mwenye akili hakualikwa kwenye kikao. Aliyekuwepo ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mwanamume ambaye sijamwona akimaliza jambo lolote isipokuwa sahani ya ugali, ila likija suala la mila anageuka jaji.

"Mulamwa," aliniambia, kwa maana ndivyo tunavyoitana mashemeji, "mama mkwe halalangi kwa mkwe wake. Giza ikupate chini ya hiyo paa, watoto wa huyo msichana watapatwa na mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo."

"Na wewe ulipoenda harusi Nairobi, si ulilala kwa mkwe wako?"

Hakutikisika hata kidogo. "Ile nyumba ni ya kupanga. Paa ni ya landilodi."

Kwa hiyo kosa la mkwe wangu lilikuwa kujenga. Angeendelea kulipa kodi kama watu wengine, mimi ningepata usingizi. Ningempuuza shemeji na mambo yake, nimempuuza miaka mingi bila kudhurika. Tatizo ni kwamba binti yangu naye aliingiwa na hofu. Ana watoto wadogo. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tusijaribu."

Nikabaki Navakholo na wageni. Wagonjwa wa kwetu hawapumziki, hutembelewa. Akina mama wa kanisani walikuja na ingokho, kuku mzima, na pamoja naye ushauri ambao sikuwa nimeuomba. Mmoja alisema ninywe maziwa ya moto. Mwingine alisema dawa ya usingizi ya hospitali imekwama kichwani na ndiyo inayofukuza usingizi wa kawaida. Aliyenishinda kabisa ni yule aliyekuja kunifariji kwa kukosa usingizi, akakaa kwenye kiti changu kirefu, kile pekee nilichoruhusiwa kukalia, akasinzia akikoroma hadi chai ikapoa. Nilisimama na mikongojo yangu nikimtazama. Sijawahi kumwonea mtu wivu kiasi kile, wala kumdharau kiasi kile.

Nafuu yangu ilikuwa siku za mazoezi. Binti yangu alikuja na gari kunipeleka mjini kwa mtaalamu wa viungo, kisha akanipitisha kwake. Mchana niliruhusiwa, mradi nirudishwe kabla jua halijazama. Kwenye kile kitanda nilipata usingizi wa juu juu, sikio moja likingoja kuamshwa. Kila nilipoanza kuzama, mkono wa binti yangu ulikuwa begani: "Mama, jua linashuka."

Na mkwe mwenyewe? Ni mtu mkubwa ofisini, mwenye tai na digrii mbili. Siku moja alirudi nyumbani mapema akanikuta nikishuka kwenye gari. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, basi akaruka nyuma ya tangi la maji. Alichuchumaa pale, viatu vinavyong'aa vikionekana chini, mpaka nikaingia ndani. Nilisema moyoni, huyu ndiye niliyempa binti yangu. Serikali imemkabidhi ofisi nzima, naye anamkimbia mwanamke mwenye mikongojo.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya mvua. Mtaalamu alikuwa amenikamua mguu vibaya, na nilipofika kwa binti yangu sikuwa na nguvu hata ya kulalamika. Alinipangia mto, akafunga pazia. Nakumbuka mvua ikipiga mabati. Nilipofumbua macho nilidhani bado ni jioni, ila ndege walikuwa wakilia kwa fujo na mwanga ulikuwa ukitoka upande usio wake. Ilikuwa asubuhi. Nyonga ilikuwa kimya, nami nilikuwa nimekaa chini ya paa la mkwe tangu giza lilipoingia hadi lilipotoka.

"Mbona hukuniamsha?" nilimfokea binti yangu. Nililia pia, nitasema ukweli, kwa hofu ya wajukuu na kwa raha ya mwili, vyote pamoja.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekwisha kuwalisha watoto, nao walikuwa wazima wakigombania kijiko. Akasema mumewe alirudi jioni, na alipofika mlangoni akaambiwa mimi bado nimelala, ndiyo kwanza mkewe anataka kuniamsha. Mume akamkataza. Akageuka bila kula, bila kubadilisha nguo, akaenda kutafuta pa kulala kwa mwenzake wa kazini, ili mimi naye tusilale chini ya paa moja.

Tulikuwa bado kwenye mazungumzo hayo tulipomsikia langoni. Hakuingia. Alimwita mkewe, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nilimsikia vizuri.

"Amepata usingizi?"

Tangu nitoke hospitalini watu walikuwa wamenijadili mbele yangu kama mzigo: uwekwe chini ya paa gani, uondolewe saa ngapi. Wenye ushauri walikuwa wengi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza swali hilo akasubiri jibu.

Binti yangu alifungua kinywa anijibie. Nikamtangulia. Nilishika mikongojo, nikajikokota hadi dirishani, nikavuta pazia lote. Alikuwa amesimama kwenye matope na shati la jana, akainamisha uso mara moja.

"Nimepata, baba," nilimwambia. "Ingia unywe chai."

Akatazama tangi la maji. Kisha akavua viatu, akaingia.