Viunza vya Baba

Baba alifariki asubuhi, maji yakiwa yametoka. Kwetu deltani kila jambo huanza kwa kuuliza maji yako wapi. Mto ulikuwa matope matupu, mitumbwi imelala ubavu, na kibali cha kukata mikoko kilikuwa kikitolewa ofisi ya msitu, Salale. Hata mtu angeondoka maji yaliporudi, asingerejea kabla ya kesho yake. Nasi maiti hatumlazi.

Kibali kilitakiwa kwa ajili ya viunza, yaani vile vijiti vinavyopangwa juu ya mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi, ili udongo usimwangukie maiti. Wenye uwezo hutumia mbao. Sisi tulikuwa na mikoko, na wazee wetu wote wamefunikwa kwa mkandaa, mmoja wa mikoko hiyo. Lakini serikali ya Kiingereza ilikuwa imekataza kukata hata mti mmoja bila kibali.

Baba aliiunga mkono sheria ile. Bwana Msitu alipokuja kuitangaza barazani, watu wote walinung'unika, baba peke yake akasimama. Alikuwa mkata mikoko tangu ujana. Akasema pale alipokata alipokuwa kijana, ukingo umeliwa na maji, na mashamba ya mpunga nyuma yake yameingia chumvi. Akamaliza hivi: "Atakayekata bila kibali, hata nikiwa mimi, ni mwizi." Tangu siku hiyo wengi walimwitikia salamu shingo upande.

Msibani walikuja wote. Wakakaa mkekani, na kama ilivyo desturi ya wanaume wasio na la kufanya, wakaanza kuisema serikali.

"Mwenye kandarasi anajaza jahazi zima kwa karatasi moja," alisema baba mdogo, "halafu mimi nizuiwe vijiti vya kumzikia kaka yangu!"

"Ndiyo serikali hiyo," jirani akamjibu. "Sasa nasikia wanataka tupige kura tatu. Mzungu mmoja, Mhindi mmoja, na mwenzetu mmoja."

"Na nikimtaka mwenzetu tu?"

"Kura yako haihesabiwi."

"Kumbe ni kama kuposa mke, ukaambiwa humpati mpaka uwachukue na mama mkwe na shemeji!"

Walicheka chini kwa chini. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemuuguza baba tangu mfungo, na maneno yale niliyasikia kama mtu asikiavyo mvua ya kijiji cha pili. Nilichotaka ni baba azikwe siku ile, azikwe vizuri, na neno lake lisizikwe naye.

Ndipo mtani wetu, Mmatumbi aliyekuwa rafiki wa baba, akajilaza kizingitini, jeneza lisipite. Ni haki ya mtani, wala hakuna anayekasirika.

"Maiti hatoki!" akapiga kelele. "Kibali kiko wapi? Yeye mwenyewe alisema mwizi ni mwizi. Mnataka kumpeleka kwa Mola wake na mali ya wizi kifuani?"

Watu walicheka, hata mimi nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Baba mdogo alikuwa ameshachukua shoka. Nikamshika mkono.

"Baba mdogo, tusikate."

"Basi tumfunike na nini? Na sheria ya Bwana Msitu?"

Mama alisikia kutoka ndani. Akasema kwa sauti ndogo, "Ezueni jiko langu. Boriti zile alizikata kabla ya sheria."

Tukaezua. Zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, ngumu kama chuma. Lakini moja ilikuwa imeliwa ndani na wadudu. Nilipoishika ikakatika. Tulipozipanga chini kwa urefu wa kaburi, ikabaki nafasi upande wa kichwani. Jua lilikuwa limeshapinda. Nikawaambia wenzangu kuna boriti nyingine kuukuu nyuma ya banda la kuku, naifuata.

Haikuwapo. Nililijua hilo nilipokuwa nikilisema.

Nilishuka matopeni nikakata mkandaa mmoja. Nikaumenya gome kwa haraka nikaupaka masizi ya jikoni, ufanane na zile nyingine. Mtoto yeyote wa deltani anajua kwamba gome la mkandaa ndilo tunalotilia nyavu rangi nyekundu, na likikushika mkononi halitoki kwa siku kadhaa. Nilijua tangu utotoni. Siku ile nilisahau.

Niliporudi, mtani alikuwa bado amelala kizingitini. Nikampa mkono aniachie njia. Akautazama, akaugeuza kiganja juu. Kilikuwa chekundu. Akanitazama usoni, akanyanyuka, akajipangusa kanzu.

"Haya," akawatangazia watu. "Kibali kimepatikana. Apite."

Wakacheka tena, wakadhani mzaha unaendelea. Kaburini nilishuka mimi. Ule mti niliuweka mwenyewe, juu ya uso wa baba.

Siku ya tatu askari wa msitu alikuja kuhani. Aliona jiko lisilo na paa, na mama akipika na ungo kichwani kwa manyunyu. Akasimuliwa, akasikitika kweli. Baadaye alikuwa akiisimulia habari ile katika kila baraza: familia iliyoona heri kuvunja jiko kuliko kuvunja sheria. Watu waliokuwa wakimwona baba msaliti wakaanza kumsifu, wakanisifu na mimi. Nilipokea sifa zile. Mtani hakusema kitu mpaka alipofariki, naye ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema kila kitu.

Hata leo watu wakibishana kuhusu mikoko, nani akate na nani azuiwe, hunigeukia wakitaka niseme, kwa kuwa mimi ni mtoto wa yule mzee. Nawaambia baba alisema kweli kuhusu ule ukingo. Kisha natazama viganja vyangu.