Yule muuaji wa tamthilia mnayemtukana humu ni baba yake bibi yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji tu, miaka miwili sijawahi kuandika hata neno. Niko form three, na mwalimu akiniuliza swali darasani sauti inaishia kooni. Ila kuandika naandika. Nina daftari la nne sasa, na haya nimeyatoa humo, nimebadilisha majina tu.

Ni ya kweli yote, pamoja na uongo wangu mmoja ambao nao nitausema.

Ile tamthilia ya Jumapili saa kumi jioni mnaijua. Inaanza na ukungu, halafu yanatokea maandishi kwamba inatokana na tukio la kweli, miaka ya hamsini, huko Iringa. Kibarua wa shamba la tumbaku anamuua mnyapara kwa jembe, anajificha porini, anakamatwa, anahukumiwa.

Uzi wake upo humu, nimeusoma wote. Kuna mkuu aliandika anyongwe mara mbili, ya kwanza ya serikali, ya pili ya sisi watazamaji. Nilicheka mpaka nikajifunika shuka.

Hiyo ilikuwa kabla sijajua.

Kwetu ni Ilomba, Mbeya. TV yetu ndiyo kubwa kuliko za majirani, kwa hiyo Jumapili sebule inajaa. Anakuja Mzee Salum mwenye duka, anakuja Mama Neema fundi cherehani, na wengine wanaokaa mpaka mlangoni.

Mama Neema ndiye sauti ya ile sebule. Muuaji akitokea tu, anaanza. "Muone macho yake. Hata ugali anaula kiuaji."

Kwenye sehemu ya tatu aliapa mbele yetu wote. Siku yule mtu akinyongwa, yeye anapiga vigelegele na anachinja jogoo wake. Jogoo mwenyewe mtaa mzima unamjua, anawika saa kumi alfajiri kama ameajiriwa. Tulishangilia. Mzee Salum akasema leo wamehukumiwa wawili.

Sasa bibi.

Bibi ni mama yake mama yangu. Alikuja mwezi huo kutoka Kilolo kutibiwa goti, tukawa tunalala chumba kimoja. Kwa utani ananiita mke mwenza.

Kwenye tamthilia alikuwa anakaa kwenye kigoda, karibu kabisa na TV, blanketi mabegani. Muuaji akitokea, bibi anainua mkono kidogo, kama mtu anayemsalimia mwenzake aliye ng'ambo ya mto, na kusema taratibu, "Kamwene."

Ni salamu ya Kihehe. Watu walicheka. Wazee wengi wanamwitikia hata mtangazaji wa taarifa ya habari, basi tukajua ni hayo hayo.

Siku moja mchana nilikuwa kitandani naandika, bibi anachambua maharage kwenye ungo. Akauliza naandika nini kila siku. Nikamwambia leo naandika tamthilia.

Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. Halafu akasema, "Yule ni baba yangu."

Niliinua kichwa.

"Najua huyu ni mwigizaji, sijachanganyikiwa. Nasema yule anayeigizwa."

Wakuu, alinihadithia huku mikono inaendelea na maharage, sauti ile ile.

Baba yake aliua kweli. Hakumtetea hata kidogo. Alisema waliyokosea kwenye tamthilia ni mawili tu, kwamba hakuwa mlevi wa ulanzi, na hakuwa na viatu. Bibi alikuwa na miaka sita. Askari walikuja asubuhi ya ukungu wakampandisha Landrova, na yeye akaikimbilia ile gari mpaka darajani. Baba yake alikuwa amekaa nyuma, amewapa mgongo. Hakugeuka.

Alinyongwa mbali. Mwili haukurudi, matanga hayakuwekwa. Mama yao aliwakataza kulia, wakahama kijiji.

Picha hakuna. Sura ameisahau. Kilichobaki kichwani mwake ni kisogo.

"Miaka yote hii nina baba wa kisogo tu," akasema. "Sasa hawa wamempa uso. Siyo wake, lakini ni uso."

Mama yangu mwenyewe anajua babu yake alikufa kwa homa. Bibi akaniambia nisimwambie mtu, nikaahidi.

Tangu siku hiyo sikuitazama tena TV. Nilikuwa namtazama bibi.

Mwanga ulikuwa unampitia usoni, wa bluu, wa kijani, na kwa jinsi alivyokuwa amekaa niliona kama anapungua, anakuwa mdogo, blanketi linambakia kubwa. Kwenye TV yule mtu anapita katikati ya tumbaku, majani mapana yanamgusa mapajani, hasemi kitu. Nikilala naota nakimbia nyuma ya gari. Ukungu wa Kilolo, ambako nimefika mara moja tu nikiwa mtoto, unaingia chumbani kwetu Ilomba kupitia chini ya mlango, na nikiamka miguu ni ya baridi.

Sikuwa naogopa. Ilikuwa tamu kidogo, sijui kwa nini.

Ikafika Jumapili ya sehemu ya mwisho.

Sebule ilijaa kuliko siku zote. Mama Neema alikuja na jogoo, akamfunga mguu pale barazani. Bibi alikuwa ameoga mapema, amepaka mafuta, amevaa kitenge kipya kama anakwenda kanisani.

Nikamuona pale mbele kwenye kigoda, na nyuma yake midomo yote ile inayosubiri. Nikawaza, atakaa hapo asikie vigelegele baba yake akifa.

Mtu mwingine angesimama aseme, jamani leo tunyamaze. Mimi siwezi. Nilijaribu, nikaishia kukohoa.

Basi nikatoka kama naenda chooni, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye swichi kubwa. Nikaishusha.

Sebule nzima ikaguna. Mzee Salum akasema umeme wa Jumapili una tabia mbaya. Walisubiri, wakachoka, wakaondoka mmoja mmoja. Mama Neema akamfungua jogoo wake, akamwambia ana bahati.

Nilipoipandisha swichi, TV ilirudi na tangazo la sabuni. Bibi alikuwa bado amekaa.

"Ni wewe," akasema.

Nikamwambia sikutaka asikie vile vigelegele.

"Vigelegele nilivisikia nina miaka sita, mke mwenza. Kijiji kizima. Mimi nilitaka leo, akifa, awe na mtu wake mmoja."

Nililia wakuu. Yeye hakulia.

Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, nikaitafuta mtandaoni, nikaipata. Nikampelekea bibi simu. Akaitazama jinsi ilivyo ndogo, akanirudishia. "Baba yangu hatoshi humo. Angalia wewe, uje uniambie."

Nilikwenda nyuma ya banda la kuni, nikaitazama peke yangu.

Hakuna kunyongwa. Yule mtu anatembea kwenye korido ndefu, tunamuona kwa nyuma. Mlango unafunguliwa, kuna mwanga mweupe kama ukungu, anaingia. Mlango unafungwa, yanaanza kupita majina ya waigizaji.

Kisogo tu.

Nilirudi. Bibi aliuliza kitu kimoja.

"Aligeuka?"

Huu ndio uongo wangu. Nikasema, "Aligeuka, bibi."

"Akaangalia wapi?"

"Huku tulikokuwa tumekaa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akajilaza, akalala mpaka jioni.

Hiyo jioni nikatumwa uzi mweusi kwa Mama Neema. Nikamkuta kwenye cherehani anawahadithia wateja. Alikuwa ameshaitazama kwa dada yake, na amekasirika. Anasema tumesubiri wiki zote hizo, halafu mbwa yule tunaonyeshwa mgongo tu. Jogoo wake hachinji, wamemdhulumu. Akasema kesho atakuja kumhadithia na bibi.

Nikarudi nyumbani, nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika mistari minne, kwamba yule ni baba yake bibi. Nikakimbia, nikamwekea juu ya cherehani, nikakimbia tena. Ndiyo, nilikuwa nimeahidi. Nilivunja ahadi, silifichi hilo.

Jumanne alfajiri jogoo hakuwika.

Niliamka kwa ule ukimya, nikabaki nasikiliza.

Saa nne Mama Neema akaja na sufuria. Aliacha ndala mlangoni, kanga mabegani. Viti vipo, akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya bibi.

"Pole, mama, kwa msiba."

Mama yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Msiba gani? Nani amefariki?"

Bibi akajibu, "Baba yangu."

Mama alicheka kidogo, halafu akatuangalia usoni, akaacha. Akakaa chini na mwiko wake.

Bibi akayasema yote, tangu ukungu mpaka darajani. Alipofika mwisho akasema, "Lakini juzi aligeuka. Huyu mjukuu wangu amemuona."

Mama Neema akaniangalia. Mimi nikaangalia sufuria.

Akaiweka sawa kanga yake mabegani, wakuu, akamgeukia bibi.

"Ndiyo, mama," akasema. "Aligeuka. Hata mimi nilimuona."

Hapo ndipo bibi alipolia. Ndipo na mama akalia, na Mama Neema naye. Kitenge kipya cha bibi, kile cha Jumapili, kikalowa kifuani.

Jogoo alikuwa mgumu, tulimtafuna mpaka taya zikauma. Mama hakunisemesha siku mbili, siyo kwa ajili ya swichi, kwa ajili ya karatasi, kwamba jirani alijua kabla yake.

Nilichojifunza ni kwamba mtu mzima usimchagulie cha kuona. Na yale maandishi ya mwanzo, tukio la kweli, siku hizi nikiyaona nageuka kwanza kutazama tuliokaa sebuleni. Sisemi msiangalie. Sisemi hata msimtukane, aliua kweli, na yule mnyapara naye alikuwa na watoto, labda na wajukuu humu.

Bibi ameniruhusu kuleta habari hizi. Asichokijua ni ile korido.

Jumamosi anarudi Kilolo, goti limepata nafuu. Jana amenikumbusha nimwambie tena aligeuka vipi, taratibu au ghafla. Nikasema taratibu.

Nauliza kwa dhati, hasa wenye umri: nimwambie kabla hajapanda gari, au nimwache aende na uso wake? Sina haraka ya kujibu mtu, ila nitasoma kila mtakachoandika.